Suvidi kwa deli la soda

Mashine ya suvidi, yaani kupika nyama ikiwa ndani ya mfuko kwenye maji ya moto yasiyobadilika joto, ni ghali, ila kama una lile deli la kuwekea soda na barafu, nusu ya kazi imekwisha. Linalozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke.

Pesa weka kwenye kipimajoto cha jikoni, kile cha sindano. Hapo usibahatishe. Ndani ya deli, changanya maji ya moto na ya bomba mpaka yasome nyuzi 60, kwa steki nene ya sentimita 2 na nusu hivi. Itie chumvi, iingize kwenye mfuko wa zipu unaostahimili joto, kisha uzamishe taratibu mdomo ukiwa wazi: maji yenyewe yatasukuma hewa nje, na utaona plastiki imeing'ang'ania nyama kama ngozi. Ndipo ufunge.

Funika, tandika taulo juu (mifuniko mingi huwa mitupu ndani, joto hupotelea hapo), subiri saa moja na nusu. Chungulia kila nusu saa; yakikaribia 57, ongeza maji ya moto kikombe kimoja kimoja.

Malizia kwenye kikaango kinachofuka moshi, dakika moja kila upande. Kuku wa kienyeji mwachie sufuria.