Aivi ya Goldheart kwenye ukuta wa kivuli: kuitambua, kuipanda na kuidhibiti

Si kila mmea wa kutambaa unaouzwa kwa jina la aivi ni aivi. Kabla ya kulipa, chuma jani moja uangalie kikonyo chake. Kikitoa utomvu mweupe, huo ni mtini wa ukutani, Ficus pumila. Shina likiwa teketeke lenye maji mengi, na maua yakiwa ya manjano yaliyoshonana, hiyo ni Delairea odorata kutoka Afrika Kusini. Iache hukohuko, kwa sababu husambaa hadi msituni. Aivi halisi, Hedera helix, haina utomvu mweupe. Shina lake hukomaa likawa gumu, na upande unaogusa ukuta huota vijizizi vifupi vilivyosongamana kama brashi.

Goldheart, ambayo Waitaliano huiita Oro di Bogliasco, hutambulika kwa rangi iliyo katikati ya jani. Jani ni dogo, lina ncha tatu, kingo zake ni kijani kilichokolea na katikati kuna baka la manjano lisilo na umbo maalumu. Shina changa huwa na wekundu wa waridi. Ukiona jani la kijani-kijivu lenye weupe pembeni, hiyo ni aina nyingine, pengine Glacier. Tofauti hii ina maana kwa mkulima: Goldheart ni ya kupanda ukutani. Ukiitandaza chini ifunike udongo itakuangusha, maana hutoa matawi machache na huacha mapengo.

Aivi hupenda ubaridi, kwa hiyo Limuru, Lushoto au Njombe panaifaa kuliko pwani, ambako joto huidhoofisha. Kuhusu kivuli, usifuate vitabu vya Ulaya vinavyosema ukuta wa kaskazini. Huku karibu na ikweta, ukuta unaotazama kaskazini hupigwa jua takriban kuanzia Machi hadi Septemba, na wa kusini miezi inayobaki. Chagua ukuta wa mashariki: hupata jua la asubuhi tu. Ukuta wa magharibi huunguza majani, na kwenye giza la kudumu chini ya miti mikubwa lile baka la manjano hufifia.

Vipandikizi vichukuliwe kwenye matawi yenye rangi nzuri tu. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 12, chini kidogo ya pingili, kwenye sehemu iliyoanza kukaza, si ncha laini kabisa. Ondoa majani ya chini, kisha chomeka vipandikizi vitatu kwenye chungu chenye mchanga na mboji nusu kwa nusu. Viweke kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Mizizi huchukua wiki tatu hadi sita. Usikate matawi ya juu yaliyokwisha kutoa maua: hayo hukupa kichaka kisichopanda ukuta.

Chimba shimo sentimita 30 kutoka ukutani, kwa sababu ardhi iliyo chini ya paa haifikiwi na mvua. Kina kiwe sentimita 30, changanya ndoo moja ya mboji, halafu laza mche uelekee ukutani. Kiangazi cha kwanza, mpe lita 5 mara mbili kwa wiki.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Matawi uliyonunua hayatashika ukuta, hata ukiyafunga mwaka mzima. Vijizizi vya kushikia huota kwenye machipukizi mapya tu. Punguza matawi ya zamani hadi sentimita 15, na yatakayochipua yatashika yenyewe. Mwaka wa kwanza ukuaji ni wa polepole, wala samadi nyingi haisaidii: huleta majani laini yanayovutia wadudu.

Kagua kila mwezi. Tawi lolote lililogeuka kijani kitupu likate hadi linapoanzia, maana lina nguvu kuliko yenye manjano na litayafunika. Majani yakifanya vidoa vidogo vilivyopauka na utando mwembamba upande wa chini, huo ni utitiri, mgeni wa sehemu kavu. Osha kwa maji ya shinikizo, hasa chini ya jani, urudie baada ya siku chache. Madoa meusi yanayoonekana kama yamelowa, yenye mzingo wa manjano, ni ya bakteria: chuma majani hayo, choma, na acha kumwagilia kutoka juu.

Usiipande kwenye ukuta wenye nyufa au plasta inayobanduka, na ikate kabla haijafika kwenye mifereji ya paa. Vaa glavu na mikono mirefu wakati wa kupogoa, kwani utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na matunda yake ni sumu. Mabaki yasitupwe bondeni wala kando ya mto. Kipande chenye pingili moja huweza kuota. Huko Marekani, jimbo la Oregon lilipiga marufuku kuuza Hedera helix mwaka 2010 baada ya kuvamia misitu. Anika mabaki juani hadi yakauke kabisa ndipo uyaweke kwenye shimo la mboji.