Jinsi ya kuomba kibali cha kuingiza protini na peptidi za utafiti, na pale mzigo unapokwama

Hii nawaandikia wanafunzi na watu wa maabara mnaotaka kuagiza peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi, au protini zenyewe toka nje, maana ndo nimetoka kwenye hilo zoezi na mzigo wetu wa kwanza ulitoka forodhani barafu imeisha na protini haifai tena. Majina ya ofisi yanatofautiana nchi na nchi ila njia ni ileile: unaanza na taasisi yako, unaenda mamlaka ya dawa, idara ya mifugo kama kuna kitu cha mnyama, unamalizia forodha. Fomu zenyewe mnazijua, jina, anwani, sahihi ya mkuu wa idara, muhuri, hapo sikai.

Anza na muuzaji kabla hujalipa hata senti. Muombe proforma invoisi (ankara ya awali kabla ya malipo), cheti cha uchambuzi, karatasi ya usalama, na barua ya asili ya bidhaa, yaani inayosema imetokana na nini. Hizo tatu za kwanza wanatuma hata siku hiyohiyo, shida yote iko kwenye hiyo ya nne na hapo ndo nataka msome taratibu.

Peptidi fupi kawaida inatengenezwa kwa kemia tupu, kwa njia aliyoianzisha Bruce Merrifield mwaka 1963, amino asidi zinaunganishwa moja baada ya nyingine juu ya punje ndogo za plastiki, hakuna ng'ombe wala bakteria hapo. Ukiandika hivyo kwenye barua ya maombi kwa sentensi moja, ofisa wa mifugo anakuelewa na mara nyingi hana swali tena. Protini ndo ina mambo. Inaweza kuwa imezalishwa ndani ya bakteria E. coli, au kwenye seli za mnyama, au imechujwa moja kwa moja toka kwenye damu au kongosho. Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, kwa mfano ipo ya kongosho la nguruwe na ipo ya kuzalishwa na vijidudu, jina moja ila kibali tofauti kabisa.

Sasa kilichotukwamisha sisi. Protini yetu ilizalishwa kwenye E. coli, barua ya muuzaji inasema hivyo, kibali kikatoka vizuri. Mzigo umefika, mkaguzi anasoma karatasi iliyo ndani ya boksi anakuta imeandikwa kwamba kichupani kuna albumini ya ng'ombe, protini ya kwenye damu yake. Kumbe wauzaji wengi wanaiongeza makusudi, kwa sababu protini ikiwa mikrogramu chache tu inanata kwenye kuta za kichupa na kupotea, basi wanaweka albumini nyingi ili inate yenyewe kwanza na ile yako ibaki salama. Kisayansi ni sahihi kabisa, ila kwa idara ya mifugo huo tayari ni mzigo wa ng'ombe na wanataka kujua ng'ombe katoka nchi gani na kama nchi hiyo ina ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na wana haki ya kuuliza. Barua ya muuzaji ilitaja protini peke yake, haikusema neno juu ya vilivyochanganywa nayo. Mpaka barua mpya inapatikana boksi limekaa ghalani na mtu anayesubiria hiyo protini kumalizia tasnifu yake amebaki mikono mitupu, inauma sana.

Kwa hiyo ukiandika imeili kwa muuzaji usiulize "asili ya protini ni nini" ukaishia hapo. Uliza hivi: taja asili ya kila kitu kilichomo kichupani, pamoja na bafa (kimiminika cha kushikilia kiwango cha asidi), albumini, jelatini na kiimarishi chochote, na kama kuna cha mnyama taja mnyama gani na nchi gani. Alafu uliza kama wana toleo lisilo na albumini, wengi wanalo, unaongeza albumini mwenyewe maabara kwako kama unayo. Antibodi, yaani kingamwili, nazo ziangalie hivyohivyo, antibodi ya sungura au ya mbuzi ni ya mnyama hata kabla hujafika kwenye albumini iliyomo.

Ukiwa na peptidi za kemia na protini za mnyama kwenye oda moja, ziombee vibali tofauti na zisafirishwe tofauti. Ni gharama zaidi kwenye usafiri lakini kichupa kimoja chenye utata kisizuie vingine vyote.

Mamlaka ya dawa wao wanataka kujua matumizi. Eleza jaribio kwa lugha ya kawaida, ambatisha barua ya kamati ya usalama wa kibiolojia ya taasisi, na sema wazi kwamba haitatumika kwa binadamu. Hapa kuwa makini zaidi kama kitu chako kina jina la dawa, insulini au semaglutaidi (dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito), kwa sababu siku hizi kuna watu wanaingiza peptidi za kujichoma sindano kwa kisingizio cha utafiti na maofisa wanalijua hilo. Ombi litoke kwa taasisi, lisitoke kwa jina lako binafsi. Na kama ni sumu, mfano risini ambayo iko kwenye orodha ya kwanza ya Mkataba wa Silaha za Kemikali, hiyo ni njia nyingine kabisa, mwongozo huu haukutoshi.

Invoisi ya mzigo isiandikwe "peptidi, unga mweupe", hilo linakaribisha maswali. Mwambie muuzaji aandike mfano: peptidi ya kutengenezwa kwa kemia, amino asidi 15, miligramu 5, haina asili ya mnyama, haiambukizi, si dawa, kwa utafiti wa maabara tu. Namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa forodhani, kubalianeni na wakala wa forodha mapema, tarakimu sita za mwanzo zinafanana dunia nzima, na nne za kwanza ni hizi: homoni za peptidi ziko 2937, antibodi 3002, albumini 3502, protini nyingine 3504, vimeng'enya 3507, vitendanishi (kemikali za majaribio) vilivyoandaliwa 3822. Namba ya kwenye kibali na ya kwenye invoisi zikipishana mzigo unasimama.

Usiruhusu mzigo uondoke kabla kibali hakijawa mkononi, hata muuzaji akikusukuma. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, iko nyuzi 78 chini ya sifuri na inageuka gesi muda wote, boksi la foma linapoteza kilo kadhaa kwa siku. Mwambie atume Jumatatu ili isije ikafika wikiendi, na wakala ajue ampigie nani simu barafu ikihitaji kuongezwa. Bora zaidi omba iliyokaushwa, peptidi nyingi zikiwa unga mkavu zinavumilia siku kadhaa za safari bila barafu, mradi ukizipokea uziweke friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Siku ya kupokea fungua boksi mbele ya wakala, piga picha ya barafu iliyobaki na ya kila kichupa, na kama kuna tatizo mwandikie muuzaji sikuhiyohiyo. Kichupa cha miligramu 1 kinaonekana kama kitupu, unga ni utando mwembamba tu pembeni au chini ya kifuniko, asije mtu akakitupa. Kiache kifikie joto la chumba kwanza, kizungushe kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) unga ushuke chini, ndo ufungue.