Kidonda cha sindano: namna ya kukitazama, kukisafisha na kujua saa ya kwenda hospitali

Somo hili ni la mtu anayejidunga dawa za kulevya, na pia la mama, mke au rafiki anayeishi naye. Hapa hatuulizani kwa nini mtu anatumia. Tunazungumzia uvimbe, jipu, kidonda kisichofunga, na ile safari ya hospitali ambayo wengi huiahirisha. Nimeuguza vidonda hivi kwa muda mrefu, na kinachoniuma ni kuona mtu anapoteza mkono kwa uvimbe ambao wiki iliyopita ungekwisha kwa ganzi na mpasuo mdogo.

Hatua ya 1: Elewa kinachotokea chini ya ngozi

Ngozi ya kila mtu ina bakteria, hata aliyetoka kuoga sasa hivi. Wanaosumbua zaidi hapa ni stafilokoka na streptokoka. Wakiwa juu ya ngozi hawana neno, lakini sindano inawasukuma ndani. Sindano iliyokwisha kutumika huwa butu na huchana nyama. Dawa ikimwagika nje ya mshipa inakaa mahali ambapo damu ni kidogo, na usaha hujikusanya hapo. Kulamba ncha ya sindano kunaongeza bakteria wa mdomoni. Maji ya ndimu yanayotumika kuyeyushia unga, yaani heroini, huunguza mshipa, na yanaweza kubeba fangasi wanaofika mpaka kwenye jicho na kuharibu kuona.

Wakati mwingine shida iko ndani ya unga wenyewe. Huko Scotland, kati ya 2009 na 2010, watumiaji wa heroini walipata kimeta kutokana na unga uliokuwa umechafuliwa, na mbegu za kimeta hazifi kwa kuchemshwa kidogo kwenye kijiko. Marekani nako, unga wa fentanili, dawa ya kulevya kali kuliko heroini, umekutwa mara nyingi umechanganywa na zailazini, dawa ya kulaza wanyama. Vidonda vyake huweza kutokea hata mahali ambapo sindano haikugusa. Kwa hiyo anayesema “mimi ni msafi, siwezi kupata kidonda” asijiamini kupita kiasi.

Hatua ya 2: Tazama, gusa, weka alama

Kaa kwenye mwanga na ulinganishe upande unaouma na mwenzake. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta ngozi iliyovutika na kung'aa, au iliyokolea rangi na kuelekea zambarau. Kisha gusa kwa mgongo wa kiganja usikilize joto.

Chukua kalamu, chora mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe, na uandike saa kando yake. Uvimbe ukivuka mstari baada ya saa chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mstari huo unamsaidia na daktari, maana anaona kasi kwa macho yake.

Jipu huwa gumu, kisha hulainika katikati. Maambukizi ya ngozi yanayosambaa hayana kitovu: eneo lote linavimba, linapata moto na kuuma. Uvimbe unaodunda kama mapigo ya moyo, hasa kinenani au shingoni, usiuguse kabisa. Huenda ni ukuta wa ateri uliotoboka, na anayeupasua anaweza kuvuja damu mpaka kufa.

Hatua ya 3: Unachoweza kufanya nyumbani

Uvimbe ukiwa mdogo na huna homa, kanda kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mara 3 au 4 kwa siku. Inua mkono au mguu, na usijidunge tena hapo. Siku moja ikipita bila nafuu, nenda ukaonwe.

Usikamue, na usitoboe kwa wembe wala sindano. Usaha unaousukuma hautoki wote nje. Mwingine unazama ndani zaidi au kuingia kwenye damu.

Jipu likipasuka lenyewe, au kidonda kikiwa wazi, nawa mikono kwanza. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni isiyo kali, au kwa maji ya chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zinaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Majivu, dawa ya meno na unga wa kapsuli visiwekwe kabisa. Paka mafuta ya mgando, funika kwa shashi isiyonata, funga bandeji, na ubadilishe kila siku. Wengi wanaamini kidonda kiachwe wazi kipate hewa, lakini kidonda chenye unyevu kidogo na kilichofunikwa hupona haraka kuliko kilichokauka na kupasuka.

Hatua ya 4: Dalili za kukimbia bila kusubiri asubuhi

Homa na kutetemeka. Moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, pumzi fupi: hayo yanaweza kuwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu au kwenye vali za moyo. Michirizi inayopanda kutoka kwenye kidonda. Maumivu makali kupita unavyoonekana uvimbe wenyewe, ngozi kugeuka nyeusi, malengelenge, au mlio wa kukwaruza unapoibonyeza: nyama inaoza kwa ndani, na hapo saa zinahesabika. Vidole kuwa baridi au kubadilika rangi mara baada ya kudunga.

Mbili nyingine husahaulika. Taya ikikaza na misuli kukakamaa, fikiria pepopunda. Kope zikilegea, ukaona vitu viwili viwili, ulimi ukawa mzito na kumeza kukawa shida, fikiria botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli, ambayo hufikia misuli ya kupumua. Sumu yake ina dawa, na inafaa zaidi ikitolewa mapema.

Hatua ya 5: Kwenye chumba cha daktari

Hapa ndipo watu wangu wanakwama. Anaogopa kutukanwa, anaogopa zaidi kupata arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa ulizozoea, akiwa kitandani, na mwisho anatoroka na mpira wa dripu mkononi. Jiandae kabla ya kwenda. Nenda na mtu unayemwamini. Andika kwenye karatasi ni lini uvimbe ulianza, unatumia nini na mara ngapi kwa siku, na dawa gani zinakudhuru.

Sema mapema na kwa lugha nyepesi: “Shikamoo daktari. Ninatumia heroini kwa sindano. Uvimbe huu una siku 3 na jana usiku nilipata homa. Ninaogopa arosto, naomba tuipangie.” Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito. Arosto inatibika hospitalini kwa methadoni au buprenofini, dawa zinazotolewa badala ya heroini, pale zinapopatikana, na mgonjwa aliyetulizwa hubaki akamaliza matibabu. Kama tayari unakunywa methadoni, taja dozi yako na kituo chako. Usifiche kiasi unachotumia, kwa sababu ganzi na dawa za maumivu hupimwa kwa kuzingatia hilo.

Jipu lililoiva litapigwa ganzi, litapasuliwa, litasafishwa, na pengine litawekwa shashi ndani ili lisifunge mapema. Utapewa tarehe ya kurudi, rudi. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda: kwenye kidonda kichafu, kama imepita zaidi ya miaka 5 tangu uchomwe, kwa kawaida unachomwa tena. Omba upimwe virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C. Homa ya ini C sasa inapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Ukidharauliwa, usiondoke na jipu lako. Omba kuonana na muuguzi mkuu wa zamu, au mtu mwingine akuhudumie.

Maswali ya wanachama

*Dada, nikinunua amoksilini dukani haitoshi?*

Haitoshi, kaka. Dawa hupita kwa shida kwenye mfuko wa usaha, ndiyo maana jipu hupasuliwa. Tena stafilokoka wengi hawasikii amoksilini. Nusu dozi inakutuliza siku mbili huku uvimbe ukichimba. Ukiandikiwa antibaiotiki, maliza zote, usigawane na mtu.

*Nikisema ninajidunga, daktari hataniitia polisi?*

Kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya kazi yake. Sheria hutofautiana, na hofu yako naielewa. Uliza kabla ya kueleza: “Nitakayosema yanabaki hapa?” Palipo na huduma za kupunguza madhara, zinazomsaidia mtumiaji asidhurike hata kama hajaacha, anzia huko, mara nyingi mhudumu rika, yaani mwenzako aliyepitia haya, anajua zahanati inayopokea watu kwa heshima na anaweza kukusindikiza.

*Shikamoo. Mwanangu ana kidonda juu ya kifundo cha mguu, kila kikifunga kinafunguka. Mguu umevimba tangu zamani.*

Marahaba, mwanangu. Mishipa yake ya mguu huenda imeharibika, damu inashindwa kupanda vizuri. Kidonda cha namna hiyo hakiponi kwa kuoshwa tu. Kinataka bandeji ya kubana, lakini lazima wapime kwanza kama damu inashuka vizuri mpaka kwenye vidole. Usimfunge mwenyewe. Akiwa amekaa, ainue mguu. Na siku mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au akapata maumivu ya kifua, hilo laweza kuwa damu iliyoganda: mpeleke saa hiyo.

*Nitakuwa mkweli, leo siachi. Nifanye nini kidonda kisiongezeke?*

Asante kwa ukweli. Sindano mpya kila mara, na maji, kijiko na pamba viwe vyako peke yako. Nawa kwa maji na sabuni, kisha futa ngozi kwa spiriti na uiache ikauke. Spiriti ni ya kabla. Baada ya kudunga bana kwa pamba kavu safi, maana spiriti huchelewesha damu kukata. Usidunge karibu na kidonda, wala kinenani au shingoni. Anayeweza kuvuta badala ya kudunga anaipa ngozi nafasi ya kupona.

*Nimelazwa wiki mbili, natoka kesho. Kuna la kuangalia zaidi ya kidonda?*

Ndiyo, na ni kubwa. Mwili wako umesahau kile kipimo cha zamani. Ukirudi nacho unaweza kuacha kupumua. Ukitumia, anza na kidogo sana na usiwe peke yako. Kabla hujatoka, uliza kama unaweza kupewa naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha heroini, na umwoneshe unayeishi naye mahali ilipo na namna ya kuitumia.