Kabla Hujawasha VPN ya Bure

Kijana mmoja wa jirani, mwanafunzi wa chuo, aliniletea simu yake ikiwa na VPN tatu za bure, yaani programu za kupitishia intaneti yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine, zote kaziweka wiki moja. Chaji ilikuwa haifiki mchana. Bando la wiki lilikata siku ya tatu. Akaunti ya benki ya mama yake, ambayo alikuwa anamwangalizia salio kwenye simu hiyohiyo, ilikuwa imefungwa mpaka mama aende tawini na kitambulisho. Nikamuuliza: unajificha nani asikuone? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi niliambiwa tu kwamba ni salama zaidi."

Swali hilo ndilo la kuanza nalo, kabla hata ya kufungua Play Store. Kuna anayetaka mwenye waifai ya mgahawa asijue anatembelea tovuti zipi. Mwingine anataka kampuni yake ya simu isijue. Mwingine amechoshwa na matangazo yanayomfuata kila anapofungua simu, na huyu VPN haitamsaidia sana, kwa sababu ukishaingia Facebook au Google kwa akaunti yako wanakujua kwa jina, uwe Tandika au uonekane uko Uholanzi. VPN haizuii virusi, na haikuokoi na tapeli aliyekutumia linki ya tovuti bandia ya benki. Halafu tovuti nyingi siku hizi tayari zinasimba mawasiliano, yaani zinayafunga yasisomeke njiani, kwa njia iitwayo HTTPS, kwa hiyo mwenye waifai anaona jina la tovuti uliyofungua lakini haoni nenosiri unaloandika humo.

VPN inachofanya ni hiki. Fikiria mzigo unaoutuma kwa basi kwenda mkoani. Kwa kawaida unamkabidhi kondakta, na jina la mpokeaji limeandikwa juu, kila mtu stendi analisoma. Ukitumia VPN, mzigo wako unatiwa kwanza ndani ya gunia la mtu mwingine. Stendi wanaliona gunia tu. Lakini mwenye gunia anajua kila mzigo ulioko ndani na unakwenda kwa nani. Yale yaliyokuwa yakionwa na kampuni ya simu sasa anayaona yeye. Ndiyo maana jambo zito kuliko yote katika maandalizi haya ni kumjua mwenye gunia, na hapo ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka.

Kuendesha seva, yaani kompyuta za kupitishia intaneti hiyo, nchi kadhaa ni gharama ya kila mwezi. Kama wewe hulipi, yupo anayelipa, na lazima ujue anapata nini. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. Programu ya Onavo Protect ilijinadi kuwa inalinda data za mtumiaji, kumbe yaliyopita humo yaliisaidia Facebook kujua watu wanatumia programu gani nyingine na kwa kiasi gani. Iliondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018, na Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni tanzu mbili za Meta, kampuni mama ya Facebook, zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Hola, VPN nyingine ya bure, ilibainika mwaka 2015 kuwa inauza intaneti ya watumiaji wake wa bure kupitia huduma iliyoitwa Luminati, yaani mtu usiyemjua anapita kwenye muunganisho wako, na akifanya uovu anwani ya IP inayoonekana, ile namba inayotambulisha muunganisho, ni yako. Mei 2024 Marekani ilitangaza kuvunja mtandao wa 911 S5, ambao ulijificha ndani ya VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN. Anwani za IP zaidi ya milioni 19, katika nchi karibu 200, ziligeuzwa njia ya wahalifu huku wenye kompyuta hawana habari.

Na usitosheke na maneno "hatuweki kumbukumbu", yaani rekodi za unachofanya mtandaoni. Julai 2020 VPN saba za bure, UFO VPN ikiwamo, zote zikiahidi hivyo, zilikutwa zimeacha kumbukumbu za watumiaji kwenye seva iliyo wazi. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2016, watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, na wenzao walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote.

Kwa hiyo tafuta jina la kampuni, nchi iliyosajiliwa, na jinsi inavyopata fedha. Ukikuta barua pepe ya Gmail tu na sera ya faragha ya aya mbili, achana nayo, hata kama ina nyota nne na nusu. Zipo za bure zinazoeleweka, kwa kuwa zinabebwa na wateja wanaolipia. Proton VPN ya Uswisi haina kikomo cha data, ila huchagui nchi na unaitumia kwenye kifaa kimoja. Windscribe ya Kanada inatoa GB 10 kwa mwezi ukithibitisha barua pepe, na TunnelBear GB 2. Zina mipaka, na mimi naona mipaka hiyo ni dalili njema, maana unaona mahali wanapotaka ulipie.

Kuna kitu kingine kinachotembea sana kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram: mafaili ya "intaneti ya bure" ya programu kama HTTP Injector, HTTP Custom au HA Tunnel, yenye majina yanayoishia na ehi, hc au hat. Mtu anakutumia faili, unalifungua, unaperuzi bila bando, unamshukuru. Faili hilo limefungwa, huoni ndani yake kuna nini, na simu yako nzima inapita kwenye seva ya mtu ambaye humjui hata kwa sura. Usiingie benki humo. Usiingie barua pepe humo. Ningekuwa na uwezo ningekuomba usilifungue kabisa. Vivyo hivyo VPN ya kulipia iliyovunjwa na kusambazwa kama APK ya bure, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia Play Store: aliyeivunja ameigusa, na hujui aliongeza nini.

Sheria nayo isomwe mapema. Tanzania, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitoa taarifa kwa umma Oktoba 13, 2023 ikiwataka wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wajisajili kabla ya Oktoba 30. Ilisimama juu ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, ambazo adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Walioko Dubai, ambako kupiga simu za WhatsApp kumezuiwa, wajue kwamba sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inatoza dirham 500,000 hadi 2,000,000 kwa anayeficha anwani ya IP ili atende kosa au asigundulike. Uliza kabla ya kuwasha.

Ukishachagua, ijaribu siku ya kawaida. Andika anwani yako ya IP kabla ya kuwasha na baada ya kuwasha, uone kama imebadilika. Kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya VPN, ruhusu iwake muda wote na izuie muunganisho usiopitia humo, la sivyo ikikatika usiku simu itarudi njia ya zamani bila kukuambia. Bando litaisha mapema kidogo, panga hivyo. Programu ya benki ikiona umeingia kutoka nchi nyingine inaweza kukufungia, kama ilivyompata mama wa yule kijana, kwa hiyo ondoa kwanza kile kizuizi kwenye mipangilio, kisha zima VPN au iondoe benki kwenye orodha ya programu zinazopita VPN. Na ni VPN moja tu. Zile zilizobaki zifute, kisha rudi kwenye mipangilio uhakikishe hakuna iliyobaki na ruhusa.

Fanya yote haya mtandao ukiwa shwari. Siku ya mzozo duka la programu linaweza lisifunguke, na namba ya uthibitisho isifike kwenye barua pepe. Intaneti ikizimwa nzima, kama Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, hakuna VPN itakayofanya kazi. Siku hiyo kilichobaki ni simu ya kawaida na menyu za kubonyeza, *150*00# ya M-Pesa kwa Tanzania au *334# kwa Kenya, laini ikiwa hewani. Yule kijana nilimpa karatasi aandike namba za watu wake wa karibu. Aliandika mbili, ya kwake na ya mama yake. Nyingine zote hakuzijua.