Mambo ya kuweka sawa kabla ya kuandika kichanganuzi cha lugha ya kati ya kompaila

Lugha ya kati, yaani umbo la programu ambalo kompaila hulitumia kati ya msimbo wa mwandishi na msimbo wa mashine, haichanganuliwi kama lugha ambayo watu huandikia programu kila siku. Sehemu kubwa ya maandishi yake hutoka kwenye programu nyingine: kichapishi cha kompaila yenyewe, kinachogeuza muundo wa ndani kuwa maandishi, au sehemu ya mbele ya kompaila iliyotengenezwa na timu tofauti. Binadamu huigusa anapoandika majaribio au anapofukua hitilafu. Ndiyo maana sarufi yake huwa nyepesi, na mara nyingi neno moja la amri linatosha kumwambia msomaji kinachofuata. Uzito uko kwenye majina, aina na namba. Hayo ndiyo ya kuamua kabla ya kufungua faili la kwanza la msimbo, kwa sababu ukiyaamua baadaye unajikuta umebomoa nusu ya ulichojenga.

Kwanza, andika kichapishi kabla ya kichanganuzi (kinachosoma maandishi na kujenga muundo), au walau viende sambamba. Mkataba kati yao ni mmoja: muundo ulio kwenye kumbukumbu ukichapishwa, ukasomwa, kisha ukachapishwa tena, maandishi ya mara ya pili yalingane na ya mara ya kwanza baiti kwa baiti. Andika mkataba huo juu ya ukurasa wa sarufi. Utakulazimisha kujibu maswali yanayokwepwa kirahisi: sifa za fankisheni hupangwa kwa utaratibu gani, bloku (kundi la amri zinazotekelezwa mfululizo) isiyo na jina huonekanaje, na jina lenye nafasi au alama ya kunukuu ndani yake hulindwaje. Kichapishi kinachotembea juu ya jedwali la heshi, lisilotunza mpangilio, bila kupanga funguo kinaweza kutoa mpangilio tofauti kila programu inapoendeshwa, na majaribio yatakuwa yakipita leo na kuanguka kesho.

Kuhusu zana, ushauri wetu hauna kigugumizi: andika kwa mkono kichanganuzi kinachoshuka kwa kujiita (kila kanuni ya sarufi ina fankisheni yake, na fankisheni hizo huitana), chenye kutazama tokeni moja mbele, tokeni ikiwa kipande kimoja cha maandishi kama neno au namba. Vizalishi kama Bison, vinavyotengeneza kichanganuzi kutoka kwenye sarufi, vinafaa kwa sarufi zenye vipaumbele vya alama za hesabu, na lugha za kati kwa kawaida hazina hayo. Isitoshe, hapa maana ya tokeni hutegemea aina iliyotangulia: `0` baada ya `i32` (aina ya biti 32) ni namba kamili, na baada ya aina ya kielekezi (anwani ya kumbukumbu) ni kosa linalostahili ujumbe wake. LLVM, mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila wenye lugha yake ya kati, iliwahi kutumia Bison kwa maandishi yake ya `.ll`, kisha sehemu hiyo ikaandikwa upya kwa mkono.

Kitenganishi cha tokeni kina mitego michache tu, ila yote huuma. Wa kwanza ni lebo zinazofanana na maneno maalumu. Mtu anaweza kuita bloku yake `add:`, na `add` ni amri. Dawa ni kuangalia nukta mbili mara tu neno linapomalizika, kabla ya kulitafuta kwenye orodha ya maneno maalumu. Wa pili ni alama ya kutoa. Lugha ya kati isiyo na semi za hesabu inaweza kuchukua `-5` kama tokeni moja, na ni afadhali iwe hivyo. Wa tatu ni mwisho wa faili. Vitenganishi vingi huweka baiti ya sifuri mwishoni ili visikague mwisho wa faili kila hatua, lakini baiti ya sifuri inaweza pia kuwa katikati ya faili lililoharibika. Linganisha mahali ulipo na urefu halisi wa faili kabla ya kutangaza kwamba umefika mwisho.

Angalia pia baiti nne za kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Faili la baiti la LLVM huanza na 0x42 0x43 0xC0 0xDE, na la WebAssembly (msimbo unaoweza kuendeshwa na vivinjari) huanza na 0x00 0x61 0x73 0x6D. Mtu akikosea akakupa faili la namna hiyo pale ulipotarajia maandishi, ujumbe mmoja wa wazi utamfaa kuliko kulalamikia herufi ya ajabu kwenye mstari wa 1.

Sasa majina, na hapa tukae kidogo. Katika lugha ambayo kila jina hupewa thamani mara moja tu, jina linaweza kutumika juu na kuzaliwa chini. Tazama fankisheni hii ya LLVM inayojumlisha kwa mzunguko, ambamo `phi` huchagua thamani kulingana na bloku tuliyotoka:

```
define i32 @jumla(i32 %n) {
mwanzo:
  br label %zunguka
zunguka:
  %i = phi i32 [ 0, %mwanzo ], [ %i2, %zunguka ]
  %s = phi i32 [ 0, %mwanzo ], [ %s2, %zunguka ]
  %s2 = add i32 %s, %i
  %i2 = add i32 %i, 1
  %bado = icmp slt i32 %i2, %n
  br i1 %bado, label %zunguka, label %mwisho
mwisho:
  ret i32 %s2
}
```

Mistari 13, na tayari kuna marejeo ya mbele (majina yanayotumika kabla ya kuzaliwa) manne: `%zunguka` kwenye mstari wa 3, `%i2` kwenye wa 5, `%s2` kwenye wa 6, na `%mwisho` kwenye wa 10. Kichanganuzi kinapokutana na `%i2` hakiwezi kusubiri, kwa hiyo kinaunda kishika nafasi chenye aina ya `i32`, kinakiandika kwenye jedwali pamoja na mahali kilipoonekana mara ya kwanza, kisha kinaendelea. Kikifika mstari wa 8, kinakagua kwamba aina ya thamani halisi inalingana na ya kishika nafasi, kinabadilisha matumizi yote, na kukifuta. Mwisho wa fankisheni jedwali hilo lazima liwe tupu. Lisipokuwa tupu, ripoti jina lililobaki ukielekeza mahali lilipotumika mara ya kwanza. Ukielekeza kwenye mabano ya kufunga, msomaji atapekua fankisheni nzima bure.

Utaratibu huo ni mwepesi kwa sababu LLVM hutaja aina kabla ya jina. MLIR, mfumo mwingine wa lugha za kati ulio ndani ya mradi wa LLVM, hufanya kinyume mara nyingi: katika `%c = arith.addi %a, %b : i32` aina inakuja baada ya majina. Huko huwezi kuunda kishika nafasi mara unapoona `%a`. Unahifadhi jina na mahali pake, unasoma aina, ndipo unatafuta thamani. Kama sarufi ya lugha yako bado iko mikononi mwako, amua jambo hili sasa hivi, maana linagusa kila kitendo cha kichanganuzi kinachosoma amri.

Panga pia ngazi za majedwali. Majina ya ndani hufungwa fankisheni inapoisha. Majina ya fankisheni na vigeu vya nje hufungwa faili linapoisha. Aina zenye majina huweza kujitaja zenyewe: muundo wenye kielekezi cha kurudi kwake ni halali, ila muundo uliojibeba wenyewe ndani yake, bila kielekezi, hauna ukubwa unaoweza kuhesabika na lazima ukataliwe. Data za ziada, zile za kumsaidia mfukua hitilafu, huzunguka kwa hiari yake, nodi moja ikiitaja nyingine na kurudi, kwa hiyo nazo zinahitaji jedwali lao linalosubiri hadi mwisho wa faili.

Thamani zisizo na jina ni mtego wa peke yake. LLVM huzipa namba kwa mfuatano, na wengi husahau kwamba bloku ya kwanza isiyo na lebo nayo hula namba. Katika fankisheni yenye vigezo viwili visivyo na majina, vigezo ni `%0` na `%1`, bloku ya kuingilia ni `%2`, na amri ya kwanza yenye matokeo ni `%3`. Amri isiyorudisha kitu, kama `store`, haili namba. Matoleo ya zamani yalidai namba zifuatane bila pengo, hivyo mtu akifuta mstari mmoja wa jaribio alilazimika kupanga upya yote yaliyofuata. Matoleo mapya yamelegeza sharti hilo, mradi namba ziendelee kupanda. Ukiunda lugha yako, legeza tangu mwanzo.

Tuje kwenye namba zenyewe. Aina kama `i128` haiingii kwenye namba ya biti 64, kwa hiyo soma tarakimu kwa maktaba ya namba zisizo na kikomo cha upana, kisha kagua kama zinaingia kwenye aina iliyotajwa. Amua waziwazi kama `255` na `-1` vyote vinakubalika kwa biti 8, na `256` unaifanya nini. Kuikata kimyakimya ni kosa ambalo litaonekana wiki kadhaa baadaye kwenye matokeo ya programu ya mtu mwingine.

Namba zenye nukta zinahitaji uangalifu zaidi. 0.1 haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa mfumo wa biti, ndiyo maana LLVM hukataa `float 0.1` na kudai ruwaza ya biti, ambayo kwa `float` huandikwa kwa upana wa `double`: `0x3FB99999A0000000`. Inachosha macho, lakini haipotezi biti hata moja. Sifuri hasi, infiniti, na zile thamani zisizo namba (NaN) zinazobeba biti za ziada zote zipite kwenye jaribio la kuchapisha na kusoma. Na tafadhali usitumie `strtod` ya C, inayogeuza maandishi kuwa namba, bila kufikiri. Inafuata mipangilio ya lugha ya programu nzima. Mahali ambapo desimali hutengwa kwa mkato, `1.25` itasomwa 1 na nukta itaachwa ikining'inia. `std::from_chars` ya C++17 haina tabia hiyo.

Mifuatano ya herufi nayo ina hesabu yake. Katika `[8 x i8] c"habari\0A\00"` kuna herufi 6 na baiti mbili zilizoandikwa kwa heksadesimali, jumla 8. Anayehesabu alama kama anavyoziona atapata 12. Ujumbe wa kosa utaje urefu wote, uliotangazwa na uliopatikana.

Chora mpaka kati ya kichanganuzi na kihakiki, yaani sehemu inayokagua kanuni za programu iliyokwisha kujengwa. Kichanganuzi kikatae yale tu yasiyoweza kujengwa kwenye kumbukumbu: jina lisilokuwepo, aina zisizolingana, mabano yaliyoachwa wazi. Swali la kama thamani imezaliwa kwenye bloku ambayo lazima ipitiwe kabla ya kufika inapotumika ni la kihakiki, kinachoendeshwa baadaye. Mpangilio wa bloku kwenye faili hauonyeshi mpangilio wa utekelezaji, na kichanganuzi kinachojaribu kulijibu swali hilo kitakataa programu halali. Kuna faida nyingine: kihakiki chenyewe kinahitaji majaribio, na majaribio hayo ni mafaili yenye makosa ambayo kichanganuzi lazima kiyapitishe.

Kwa mahali pa makosa, beba kwenye kila tokeni namba moja ya biti 32, umbali kutoka mwanzo wa faili, na uhesabu mstari na safu pale tu kosa linapotokea, kwa kutafuta kwenye orodha ya mianzo ya mistari. Amua safu inahesabiwa kwa baiti au kwa herufi, na uiandike kwenye maelezo. Kusimama kwenye kosa la kwanza kunatosha kwa chombo cha mstari wa amri. Anayetaka kihariri kinachoonyesha makosa mtu anapoandika atahitaji kichanganuzi kinachojua kuruka hadi amri inayofuata, na hiyo ni kazi ya ziada ya kupangiwa muda wake.

Usisahau kufuta. Kosa likitokea katikati ya fankisheni, vishika nafasi bado vinatumiwa na amri zilizokwisha jengwa. Ukivifuta moja kwa moja, programu huanguka badala ya kuripoti. Badilisha kwanza matumizi yao kwa thamani isiyo na maana maalumu, ndipo uvifute. Mara nyingi kasoro hii ndiyo ya kwanza kukamatwa na libFuzzer au AFL, zana zinazorushia programu data za nasibu. Ya pili ni kuzama kupita kiasi: aina iliyofungwa ndani ya aina mara 100,000 inamaliza staki (kumbukumbu ya miito ya fankisheni). Weka kikomo. Clang, kompaila ya C na C++, hutumia 256 kwa mabano, na hakuna ubaya kuanza na hicho.

Toleo la lugha liandikwe ndani ya faili tangu siku ya kwanza, hata kama kuna toleo moja tu. Mwaka 2022, LLVM 15 ilifanya vielekezi visivyotaja aina kuwa ndiyo kawaida, na LLVM 17 ya 2023 ikaondoa vya zamani kabisa. Maandishi yenye `i32*` yaliyokuwa yakisomwa kwa miaka mingi yakaacha kusomwa.

Majaribio yapangwe kwa hesabu rahisi. Kwa kila ujumbe wa kosa ulioandikwa kwenye msimbo, kuwe na faili moja dogo linaloutoa, na jaribio likague mstari na safu, si maneno tu. Kisha pima muda. Zalisha fankisheni yenye bloku 10,000, nyingine 20,000, nyingine 40,000, kila bloku ikiruka mbele kwenda ya mwisho. Muda ukiongezeka mara mbili kila hatua, uko salama. Ukiongezeka mara nne, tafuta mahali unapopitia orodha nzima ya marejeo ya mbele kwa kila jina jipya. Kwa kawaida ni kitanzi kimoja kifupi, na jedwali la heshi linakimaliza.