Umerudi Dar, akiba yako ya uzeeni imebaki Marekani? Piga hesabu kabla ya kuitoa

Wengi waliofanya kazi Marekani wakarudi Dar wameacha akiba kwenye mfuko wa 401(k), yaani mfuko wa uzeeni unaopitia kwa mwajiri. Nyumba ya Goba ikianza kudai nondo na mabati, macho yote yanageukia hela ile. Subiri kidogo, ndugu yangu.

Tuseme una dola 20,000 na hujafikisha miaka 59 na nusu. Kama si raia wa kule wala huna grini kadi, kwa kawaida mfuko unakata 30% papo hapo, dola 6,000. Benki yako inapokea 14,000, nawe unaamini umeshamalizana na kodi. Bado! Kuna kodi ya ziada ya 10% ya kutoa kabla ya umri huo, dola 2,000 nyingine, na hiyo mfuko haukati. Unadaiwa mwaka unaofuata, kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Hapo ndipo watu wanaumia, maana hela imeshakuwa lenta na zege.

Ile 30% ni malipo ya awali tu. Ukijaza fomu 1040-NR, ambayo ndiyo ritani ya wasio wakazi wa Marekani, sehemu inayotokana na michango ya kazi yako hukokotolewa kwa viwango vya kawaida, na unaweza kurudishiwa kiasi. Ijaze, hata kama uko Sinza.

Kama uliacha kazi kwa mwajiri huyo mwaka uliotimiza 55 au baadaye, 10% haikuhusu. Ila ukishaihamishia akiba hiyo kwenye IRA (akaunti binafsi ya uzeeni, isiyopitia kwa mwajiri), msamaha huo wa 55 unaupoteza.