Mafuta ya kunukia usiyachanganye na mawese

Ukipata kichupa cha mafuta ya mchaichai au mkaratusi, usiyapake yalivyo. Ni makali mno, lazima kwanza uyazimue kwenye mafuta ya kawaida. Na sisi wa Kigoma mkono unakimbilia mawese, maana ndiyo yaliyojaa jikoni. Nilifanya hivyo mimi, nikajikanda mabega, nikalala. Asubuhi shuka nyeupe ina ramani ya rangi ya chungwa mpaka kwenye foronya. Nimefua kwa jiki, wapi! Mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, nayo ina harufu yake, inameza mchaichai wote. Tumia alizeti au nazi.

Kipimo ni kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, kwa matone yasiyozidi 6 kwa jumla. Hiyo ni kama asilimia 2. Kwa miguu iliyosimama kutwa sokoni napenda mkaratusi matone 4 na mchaichai 2. Mchaichai usiuongeze hata ukiona haunukii vya kutosha, unawasha. Karafuu ni kali zaidi, tone 1 tu kwa kijiko kizima.

Jaribu kidogo ndani ya kiwiko, usubiri mpaka kesho yake. Watoto wadogo usiwapake mkaratusi usoni. Na usidondoshe matone kwenye ndoo ya kuogea: mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, kwa hiyo kopo la kwanza tu yote yanatua mgongoni.